Gari la Fowili Linapopoteza Maji na Kuchemsha: Jinsi ya Kukifikia Chanzo

Gari linapoanza kuchemsha, mara nyingi thamostati (vali inayofunguka maji yakipata moto ili yaende kwenye rejeta) hung'olewa na kutupwa, baadaye pampu ya maji hubadilishwa, kisha rejeta mpya hununuliwa, na bado baada ya siku chache mshale wa joto hupanda tena kwenye kilima kilekile. Vipuri havikuwa na kosa. Kilichokosekana ni swali moja ambalo lilipaswa kuulizwa kabla ya spana kuguswa: je, gari hili linachemsha kwa sababu maji yamepungua, au maji yamepungua kwa sababu gari limechemsha? Haya ni maradhi mawili, dalili zake hufanana, na anayeyachanganya hukitibu kiungo kizima na kukiacha kinachouma.

Maji yanapovuja, hata kwa tone moja moja, hufika siku ambapo hakuna cha kutosha kubeba joto kutoka kwenye silinda hadi kwenye rejeta, na injini huchemsha. Kwa upande wa pili, gari lililojaa maji lakini lenye feni iliyochoka au rejeta iliyoziba litapandisha joto mpaka shinikizo lishinde springi ya mfuniko. Maji yatasukumwa kwenye tanki la akiba, tanki litafurika, na dereva atakapofungua boneti ataona maji yamepungua na kudhani kuwa gari linavuja. Njia ya kuyatenganisha haya mawili ni nyepesi. Injini ikiwa imepoa usiku kucha, jaza rejeta mpaka shingoni, jaza tanki la akiba mpaka kwenye alama, bandika kipande cha utepe mahali maji yalipofika, na uandike kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi. Endesha taratibu kwa siku mbili au tatu bila mzigo, kisha pima tena kila asubuhi. Maji yakishuka ilhali joto limetulia, una uvujaji. Maji yasiposhuka katika mwendo huo mwepesi lakini joto likapanda mara tu unapopakia mzigo au kupanda mlima, shughulika na upozaji.

Gari la fowili, yaani lile ambalo injini yake huweza kuzungusha magurudumu yote manne, hustahili uangalizi wa pekee katika jambo hili. Likiwa kwenye mchanga au likipanda mawe kwa gia ya nguvu, injini hufanya kazi kubwa huku gari lenyewe likienda kwa mwendo wa mtu anayetembea, hivyo upepo wa barabarani haupo na kila kitu hutegemea feni. Juu ya hilo kuna matope, mbegu za nyasi, mitikisiko inayolegeza vibano vya hozi (mipira ya maji), na maji ya mto yanayoingia mahali yasipotakiwa. Ndiyo maana kasoro ndogo ambayo gari dogo la lami lingeivumilia kwa miezi, kwenye fowili hujitokeza kwa alasiri moja.

Kabla ya kugusa mfuniko

Mfumo wa maji ya injini hufanya kazi ukiwa na shinikizo. Mifuniko mingi imeandikwa juu yake 0.9 au 1.1, yaani takriban baa, au 88 na 108 kwa kilopaskali. Kwa shinikizo la baa 1 juu ya lile la hewa, maji matupu huchemka kwenye nyuzi 120 za Selsiasi badala ya 100, na yaliyochanganywa na kulanti (dawa ya kupozea injini) huchemka juu zaidi ya hapo. Maana yake ni kwamba maji yaliyo ndani ya rejeta ya moto yanaweza kuwa na nyuzi 110 na bado yakawa yametulia. Ukifungua mfuniko, shinikizo huondoka papo hapo, na maji yale hugeuka mvuke unaokurukia usoni. Usifungue mpaka uweze kuushika mpira wa juu wa rejeta kwa kiganja bila kusikia moto, na ukiubana uwe laini. Hata hapo, funika kwa kitambaa kinene na uzungushe hatua ya kwanza tu, ukisubiri mlio wa hewa uishe.

Gari likichemsha njiani, zima kiyoyozi, fungua hita hadi mwisho na feni yake, na uondoe mzigo kwenye injini kwa kusimama. Kama maji bado yamo, acha injini izunguke polepole, kwa kuwa pampu itaendelea kuyatembeza. Kama mvuke unatoka kwa nguvu au umeona maji yamemwagika chini, zima mara moja. Usimwage maji baridi kwenye injini iliyokauka na iliyo moto. Silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, hupinda ikiwa ya aluminiamu, na hupasuka ikiwa ya chuma. Nimesisitiza jambo hili kwa sababu mara nyingi kinachoharibu injini si joto la kwanza, bali ni ile haraka ya kulipoza.

Neno moja kuhusu kulanti yenyewe: nyingi zimetengenezwa kwa ethilini glaikoli, ambayo ni sumu yenye ladha tamu. Iliyomwagika sakafuni ifutwe na ioshwe, kwa kuwa mbwa na paka huilamba, na mtoto anaweza kuionja.

Mshale wa joto haukuambii kila kitu

Katika magari mengi ya miaka ya karibuni, mshale hutengenezwa ukae katikati hata joto linapobadilika kwa nyuzi ishirini au zaidi, ili dereva asiwe na wasiwasi. Unapoanza kuuona ukipanda, joto limekwisha kupita kiasi kwa muda. Hatari nyingine ni kubwa zaidi: kitambuzi cha joto hupima maji, na maji yakiisha hubaki kwenye hewa na mvuke, hivyo mshale unaweza kushuka au kutulia huku injini inaungua. Mshale ukipanda ghafla kisha ukaanguka, au hita ikianza kutoa hewa baridi wakati injini ni moto, chukulia kuwa maji yamekwisha na usimame.

Kwa uchunguzi wa kweli tumia kisomaji kinachochomekwa kwenye soketi ya kompyuta ya gari, ambacho huonyesha joto kwa tarakimu. Kwa gari la zamani lisilo na soketi hiyo, kipimajoto cha kuelekeza kwa mionzi kinatosha, ila usikielekeze kwenye chuma kinachong'aa, kwa kuwa kitasoma chini ya joto halisi. Bandika kipande cha utepe mweusi kwenye kasha la thamostati na upime hapo.

Kisha jiulize ni lini hasa joto hupanda. Gari linalochemsha likisimama au likienda polepole, lakini likapoa mara lishikapo barabara nzuri, lina tatizo la hewa: feni, kilachi ya feni (kiungo kinachoishika feni kadiri joto linavyopanda), au kasha linaloizunguka feni. Gari linalotulia mjini lakini likapanda joto kwenye mwendo mkubwa au likivuta tela lina tatizo la mtiririko wa maji au la rejeta yenyewe. Gari linalopandisha joto dakika chache tu baada ya kuwashwa, likiwa bado halijafanya kazi yoyote, lichunguzwe thamostati na gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo chembamba kati ya hedi na injini. Majibu haya hayatoshi kuhukumu, lakini yatakuonyesha pa kuanzia.

Kutafuta uvujaji wa nje

Anza injini ikiwa baridi, kwa macho na vidole. Kulanti iliyovuja ikakauka huacha ukoko wa rangi yake, kijani, waridi au buluu iliyofifia, wakati mwingine mweupe kama chumvi. Ukoko huo ni shahidi mzuri kuliko tone lenyewe, kwa kuwa uvujaji mwingi hutokea wakati gari linakwenda na maji hukauka kabla hujasimama. Fuata ukoko kuelekea juu, kwani maji hushuka na upepo wa feni huyasukuma nyuma. Mahali palipolowa zaidi mara nyingi si mahali palipotoboka.

Pitisha mkono kwenye kila hozi. Bana karibu na kibano, mahali mpira unapoungana na chuma. Hozi iliyokakamaa kama mti au iliyovimba na kuwa laini kama ndizi mbivu imekwisha. Kwenye rejeta za kisasa, angalia mstari ambapo tanki la plastiki limekunjiwa kwenye aluminiamu. Ufa mwembamba hapo hufunguka injini ikiwa moto tu. Chini ya mhimili wa pampu ya maji kuna tundu dogo lililowekwa makusudi, ili maji yakipita sili yaonekane nje badala ya kuingia kwenye beringi. Njia ya ukoko chini ya tundu hilo inamaanisha kuwa sili imechoka. Shika feni au puli na uitikise mbele na nyuma. Ikicheza, beringi nayo imekwisha, na usisubiri, kwa sababu feni inayoyumba huweza kuikata rejeta.

Usisahau hita. Kapeti lililolowa upande wa abiria wa mbele, kioo kinachopata ukungu wenye mafuta mafuta, na harufu tamu ndani ya gari ni dalili za rejeta ndogo ya hita kuvuja. Hata hivyo, tofautisha na maji ya kiyoyozi, ambayo hudondoka chini ya gari na hayana kosa. Sugua tone kati ya vidole viwili: maji ya kiyoyozi hukauka na kuisha, kulanti huteleza na kuacha unato.

Macho yakishindwa, tumia pampu ya kupimia shinikizo inayofungwa mahali pa mfuniko wa rejeta. Ipandishe mpaka kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko, wala usizidishe, kisha subiri dakika 15. Mshale wa pampu hiyo ukitulia injini ikiwa baridi, rudia ikiwa ya moto, kwa kuwa kuna nyufa zinazofunguka kwa joto na nyingine zinazojifunga nalo.

Niliwahi kushughulika na gari refu la safari, lenye viti vitatu vya nyuma na hita yake huko nyuma, lililokuwa likipoteza kama theluthi ya lita kila wiki. Lilikuwa limekwisha kubadilishiwa rejeta na pampu kabla halijanifikia. Nilipandisha shinikizo hadi baa 1, na katika dakika 10 mshale ukashuka hadi 0.8, lakini sehemu yote ya injini ilikuwa kavu kabisa. Nililala chini ya gari na tochi nikafuata mabomba mawili membamba ya chuma yanayopeleka maji kwenye hita ya nyuma. Karibu na mhimili wa nyuma, bomba moja lilishikiliwa na kibano kilichojaa udongo mkavu uliogandamana. Nilipouchokoa kwa bisibisi, udongo wa ndani ulikuwa mweusi na mbichi, na mara tone la waridi likachomoza, likakua, likadondoka kwenye kifua changu. Udongo ulikuwa umeshikilia unyevu dhidi ya chuma mpaka kutu ikalitoboa, na udongo huohuo ulikuwa ukinyonya kila tone kabla halijafika chini. Gari lenye hita ya nyuma lichunguzwe mpaka nyuma. Hilo silisahau tena.

Mfuniko, kipuri kidogo kinachopuuzwa

Mfuniko wa rejeta una vali mbili. Moja huzuia shinikizo lisitoke mpaka lifikie kiwango chake. Nyingine huruhusu maji kurudi kutoka kwenye tanki la akiba injini inapopoa. Springi iliyochoka, ikiwa inashika baa 0.3 tu, hufanya maji matupu yachemke karibu na nyuzi 107, na hapo hata injini isiyo na kosa lolote inaweza kutoa mvuke ikiwa na mzigo. Kwenye nyanda za juu hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa kiwango cha kuchemka hushuka takriban nyuzi 1 kwa kila mita 300 za mwinuko. Vali ya pili ikigoma, utaona tanki la akiba limejaa lakini rejeta ina upungufu, na hozi ya juu imenywea kama iliyonyonywa. Dalili hiyohiyo hutokea kama kijipira kinachounganisha shingo ya rejeta na tanki kina ufa, kwa sababu badala ya kuvuta maji kinavuta hewa. Pampu nyingi za kupimia shinikizo huja na kiungio cha kujaribia mfuniko. Kitumie kabla ya jambo lolote la gharama.

Maji yanapopotelea ndani

Mfumo ukipoteza shinikizo na hakuna hata tone nje, maji yanaingia mahali fulani: kwenye silinda, kwenye oili, kwenye bomba la moshi, au kwenye gia boksi.

Gasketi ya silinda hedi ndiyo hutuhumiwa kwanza, na mara nyingine inatuhumiwa bure. Fanya majaribio kabla ya kushusha hedi. Asubuhi, kabla ya kuwasha, fungua mfuniko: kama hewa inatoka kwa mlio ilhali injini imelala baridi usiku kucha, kuna gesi iliyoingia kutoka kwenye silinda, kwa kuwa shinikizo la joto lingekuwa limekwisha zamani. Funga, washa, na ushike hozi ya juu. Ikikakamaa ndani ya dakika moja au mbili huku bado ni baridi, dalili ni hiyohiyo. Baadaye tumia kifaa chenye majimaji ya buluu kinachowekwa kwenye shingo ya rejeta na kufyonza hewa ya juu ya maji. Kaboni dioksidi ya moshi huyabadilisha kuwa manjano. Punguza maji kidogo kwanza ili kifaa kisiyanyonye. Kwa injini ya dizeli, majimaji huchelewa kubadilika, kwa kuwa moshi wake kwenye mzunguko wa chini una gesi hiyo kidogo. Pandisha mzunguko na urudie zaidi ya mara moja kabla ya kuamini kuwa hakuna kitu.

Mapovu yanayoonekana rejeta ikiwa wazi hayatoshi kuwa ushahidi, kwani hewa iliyobaki ndani baada ya kujaza hutoka vilevile. Mapovu ya hewa hupungua na kuisha; ya gesi huendelea bila kukoma na huongezeka ukikanyaga mafuta. Vivyo hivyo, utando wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha kujazia oili unaweza kuwa unyevu tu kwenye gari linalokwenda safari fupi fupi. Chomoa kijiti cha oili: ikiwa oili yenyewe ina rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na injini isiwashwe tena.

Injini nyingi za dizeli zina kipozaji cha moshi unaorudishwa kwenye injini, kinachopozwa kwa maji ya rejeta. Kikipasuka ndani, maji huingia kwenye njia ya hewa au ya moshi, na gari hupoteza maji bila alama yoyote nje, bila mapovu na bila oili kuharibika. Moshi mweupe wenye harufu tamu wakati wa kuwasha asubuhi, unaopungua injini ikipata moto, unatosha kukufanya ukifungue kipozaji hicho na kukijaribu kwa shinikizo. Hedi nyingi zimeshushwa bila sababu kwa kuruka hatua hii.

Kwa gia boksi ya otomatiki, kipozaji cha oili yake mara nyingi kimo ndani ya tanki la chini au la pembeni la rejeta. Kikitoboka, oili na kulanti huchanganyika na kuwa uji wa waridi unaoonekana kwenye rejeta au kwenye kijiti cha gia boksi. Hapa usiendeshe hata kilomita moja. Maji huharibu vitambaa vya kilachi za ndani, na gharama ya rejeta hugeuka kuwa gharama ya gia boksi.

Maji yakiwa kamili lakini joto bado linapanda

Simama mbele ya gari na uangalie njia ya hewa. Kwenye fowili nyingi, kondensa ya kiyoyozi imekaa mbele ya rejeta, na kati yao kuna nafasi ndogo ambayo hukusanya matope, nyasi na wadudu usiyoweza kuwaona kutoka mbele. Mulika tochi upande wa injini na utazame kutoka mbele. Pasipopita mwanga hapapiti hewa. Osha kwa maji ya shinikizo dogo kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili uchafu urudi ulikotokea. Mashine ya kuoshea yenye nguvu hulaza mapezi ya aluminiamu, na mapezi yaliyolala huziba kama matope yenyewe. Kama gari limefungwa winchi au safu ya taa mbele ya grili, jaribu safari moja bila taa hizo.

Feni ya kilachi yenye mafuta ya silikoni hupimwa injini ikiwa imezimwa na imepoa: izungushe kwa mkono, na inapaswa kukupa ukinzani na kusimama karibu na pale ulipoiachia. Ikizunguka huru mara kadhaa, au ukiona mafuta meusi yametapakaa kutoka katikati ya kilachi, imechoka. Injini ikiwa moto sana na imezimwa, ukinzani unapaswa kuwa mkubwa zaidi, na wakati wa kupanda mlima unatakiwa kuusikia mngurumo wa feni ukiongezeka. Usijaribu kamwe kuizuia feni inayozunguka kwa kitu chochote. Kama gari lina feni za umeme, hakikisha zinawaka, na kwamba zinavuta hewa kuelekea kwenye injini. Aliyebadilisha mota anaweza kuwa ameunga nyaya kinyume. Kasha la plastiki linaloizunguka feni lisiwe limevunjika wala kuondolewa, kwani bila kasha feni huzungusha hewa ileile ya moto badala ya kuivuta kupitia rejeta nzima. Gari lililovuka mto hivi karibuni liangaliwe mapanga ya feni: yanapoingia majini yakiwa yanazunguka hupinda mbele, na huweza kuikwaruza rejeta au kuvunjika.

Thamostati hujaribiwa kwa sufuria. Ining'inize kwa uzi ndani ya maji isiguse chini, weka kipimajoto kando yake, na upashe moto polepole. Namba iliyogongwa juu yake, kwa kawaida 82 au 88, ni joto la kuanza kufunguka. Kufikia nyuzi kama 10 hadi 15 juu ya hapo iwe wazi kabisa, kwa milimita 8 hivi au zaidi kulingana na maelekezo ya gari. Ile desturi ya kuiondoa moja kwa moja siikubali. Katika injini nyingi thamostati ikifunguka huziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi na sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na gari huchemsha zaidi likibebeshwa mzigo. Unapoirudisha, kijitundu chenye kipini kinachocheza kiwe juu, ili hewa ipite.

Kama thamostati ni nzima, piga mzunguko wa juu huku mwenzako akiangalia hozi ya chini ya rejeta. Hozi hiyo iko upande wa kuvutwa na pampu, na baadhi huwa na springi ndani. Springi ikiliwa na kutu, hozi hunywea na kubana mtiririko katika mwendo mkubwa tu, na gari likisimama kila kitu huonekana sawa. Mwisho, pima uso wa rejeta kwa kipimajoto cha mionzi injini ikiwa moto, ukitoka upande maji yanakoingia hadi yanakotokea. Joto linapaswa kushuka taratibu. Sehemu iliyopoa ghafla katikati ya sehemu za moto ina mirija iliyoziba kwa chokaa na kutu, au kwa dawa za kuzibia matundu zilizomwagwa humo siku za nyuma. Dawa hizo zinaweza kukutoa porini siku moja, lakini hazichagui tundu la kuziba, na mirija membamba ya hita na ya rejeta ndiyo hulipa.

Kujaza upya na kufuatilia

Baada ya matengenezo, kulanti iwe ya aina inayotajwa na kitabu cha gari, ikichanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, kwa kuwa maji ya bomba huacha chokaa. Kuongeza kulanti kupita nusu hakupozi zaidi. Glaikoli hubeba joto kidogo kuliko maji. Usichanganye aina mbili usizozifahamu, kwani nyingine hugandamana na kuwa kama uji. Rangi pekee haitoshi kukuhakikishia kuwa zinalingana.

Paki gari pua ikiwa juu, fungua hita hadi mwisho, na ujaze polepole ukibana hozi ya juu mara kwa mara ili hewa ipande. Kama kuna skrubu ya kutolea hewa, ilegeze mpaka yatoke maji matupu. Washa injini, usubiri thamostati ifunguke, yaani mpaka hozi ya upande wa pili wa thamostati ipate moto na kiwango kishuke ghafla, kisha ongeza na ufunge. Hita ya mbele na ya nyuma zote zitoe hewa ya moto. Isiyotoa bado ina hewa ndani ya mabomba yake.

Asubuhi inayofuata, injini ikiwa baridi, fungua rejeta yenyewe, si tanki la akiba tu, na uongeze kilichopungua. Kushuka kidogo siku ya kwanza ni kwa kawaida, hewa iliyojificha inapotoka. Bandika utepe mpya kwenye tanki, andika kilomita, na upime kila asubuhi kwa wiki nzima, ukiwa umelipitisha gari angalau mara moja kwenye mlima au mchanga uliolichemsha mwanzoni, likiwa na mzigo uleule.